Mbolea ya mkaa hai dhidi ya mnyauko wa nyanya: mwongozo kwa wakulima wa kando ya ziwa

"Nikimwaga chenga za mkaa shambani, mnyauko utaisha?" Hapana. Swali hili linarudi kila msimu, kutoka Magu, Ilemela, Sengerema hadi Ukerewe, kando ya Ziwa Victoria. Aliyeuliza mara nyingi ameshamwaga viroba vitatu, na nyanya zake sasa ni za njano kuliko za jirani.

Mkaa hai, ambao wengine huuita bayocha, ni mabaki ya mimea yaliyochomwa kwa hewa kidogo yakaishia kuwa meusi bila kufikia majivu. Peke yake hautibu ugonjwa. Unashika maji na virutubisho, unapunguza tindikali ya udongo, na vitundu vyake vinakuwa makazi ya vijidudu rafiki vinavyogombania mizizi na vile vya ugonjwa. Ukiwa mtupu unafanya kinyume: unanyonya naitrojeni ya udongo na kuushindisha mche njaa. Kwa hiyo unalishwa kwanza, kisha unapikwa na samadi ndani ya biwi la mboji. Na ni kinga, unawekwa kabla mche haujaingia ardhini. Mche ukishalala, hakuna mbolea ya kuuinua.

Nadharia inatosha hapo.

Kwanza jua unapigana na nani

Ng'oa miche mitatu inayonyauka, na mizizi yake, uitazame.

Mnyauko wa bakteria: mche unalegea ghafla ukiwa bado wa kijani. Mchana unalala, jioni unajikaza kidogo, siku ya tatu hauamki. Kata kipande cha shina chenye urefu wa kidole karibu na ardhi, kishike ncha moja ikiwa ndani ya glasi ya maji safi, na mkono usitikisike. Ndani ya dakika 5 utaona uzi mweupe ukishuka kutoka kwenye mkato, kama moshi wa ubani uliopinduliwa. Hao ndio bakteria.

Mnyauko wa fusari (ukungu wa udongo): majani ya chini yanaanza kuwa njano, mara nyingi upande mmoja wa mche. Ukipasua shina kwa urefu unakuta michirizi ya kahawia, na glasi haitoi uzi.

Kuoza kitako cha shina (si cha tunda): nyuzi nyeupe kama pamba pale shina linapogusa udongo, na vipunje vya kahawia vinavyofanana na ulezi.

Minyoo fundo: mizizi ina vinundu visivyobanduka ukivikwangua.

Kinyausi: miche ya kitaluni inakatika shingo na kuanguka.

Mbolea hii inasaidia zaidi kwenye kinyausi na magonjwa ya ukungu wa udongo. Kwa mnyauko wa bakteria inapunguza idadi ya miche inayokufa, haikomeshi, na itahitaji kuungwa mkono na kubadilisha mazao. Kwa minyoo fundo msaada ni nusunusu. Mnyauko wa migomba usiuhesabu kabisa. Ule unasafirishwa na wadudu wanaotembelea maua na mapanga yasiyosafishwa.

Mahitaji kwa robo eka (mita za mraba 1,000)

Hesabu hii ni ya miche 2,600 hivi, kwa nafasi ya sm 75 kwa 50. Debe hapa ni ndoo ya lita 20.

- Mkaa hai uliopondwa: debe 30
- Samadi ya ng'ombe: debe 60. Ukiwa na ya kuku, badilisha debe 15 kati ya hizo, usizidishe
- Makavu yaliyokatwakatwa (mabua ya mahindi, majani ya mpunga): debe 70
- Mabichi (magugu kabla hayajatoa mbegu, magugu maji): debe 40
- Maji, na mapipa mawili ya lita 200
- Beleshi, reki, panga, turubai au majani ya migomba ya kufunikia
- Nondo ya mita moja na nusu
- Barakoa, viatu vya kufunika mguu, glavu
- Kipimo cha pH (kiwango cha tindikali ya udongo), hata kile cha karatasi
- Trikoderma kutoka duka la pembejeo, ukiipata. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Ni kuvu rafiki aliye hai, anayepigana na ukungu wa magonjwa, na iliyokaa miezi kwenye rafu inayopigwa na jua ni vumbi tu

Magugu maji yatoe ziwani, yaache juani siku tatu mpaka yanyong'onyee, na kata mizizi uitupe mbali na maji. Mizizi ndiyo inayokusanya madini mazito, kwa hiyo usivune karibu na mifereji ya viwanda au ya maji taka ya mjini. Biwi lenyewe liwe zaidi ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema hivyo, na hata bila sheria, samadi inayochuruzika ziwani ndiyo inayoyanenepesha magugu yaleyale.

Hesabu wiki 16 kurudi nyuma kutoka siku ya kupandikiza, maana kitalu nacho kinasubiri mbolea iive. Anayetaka kupandikiza katikati ya Novemba aanze mwisho wa Julai.

Hatua ya 1: Pata mkaa

Usikate mti. Kwetu malighafi ni mbili, na kila moja ina njia yake.

*Pumba za mpunga.* Mashine za kukoboa zina vilima vya pumba. Kwa debe 30 za mkaa andaa debe 60 hadi 70 za pumba kavu. Chukua debe la bati, litoboe pande zote matundu ya ukubwa wa kidole, kisha toboa kitako uingize bomba la bati la mita moja na nusu. Washa moto mdogo wa kuni chini, ufunike na debe hilo likiwa limepinduliwa, kisha rundika pumba kulizunguka, debe 20 hadi 30 kwa mara moja. Moto unabaki ndani, pumba zinaungua kutokea katikati kwenda nje. Baada ya saa moja au mbili utaona madoa meusi juu ya rundo: zipandishe za chini juu kwa beleshi, na endelea kufanya hivyo kila nusu saa. Kazi nzima ni saa nne hadi sita. Karibu zote zikiwa nyeusi, usisubiri zile chache zilizobaki. Tandaza, mwagia maji, geuza, mwagia tena.

*Mabua ya pamba.* Mkulima wa pamba anatakiwa kung'oa na kuchoma mabua baada ya mavuno ili wadudu wasivuke msimu. Wengi wanayachoma juu ya ardhi na kubaki na majivu yanayopeperushwa asubuhi inayofuata. Yachome shimoni badala yake. Chimba shimo la umbo la faneli: mdomo mita 1.5, kina sm 80, kitako sm 50. Anzisha moto chini kabisa. Mabua ya kwanza yakianza kupata vumbi jeupe juu, ongeza tabaka jembamba. Likianza nalo kupata weupe, ongeza jingine. Ndimi za moto zilizo juu zinakula hewa, kwa hiyo yaliyo chini yanaiva bila kuwa majivu. Moshi mzito maana yake umeweka mengi kwa pupa au ni mabichi. Shimo likijaa karibu na mdomo, utakuwa na debe 25 hadi 30. Zima papo hapo kwa maji. Mapipa mawili yawe yamejaa kabla hujawasha kiberiti, si baada.

Mashina ya nyanya yaliyokufa kwa mnyauko nayo yakaushe uyaingize shimoni. Huko ugonjwa unakwisha. Ndani ya biwi usithubutu kuyaweka.

Choma asubuhi mapema. Kuanzia mchana upepo unatoka ziwani na kupanda nchi kavu, na cheche hazina adabu kwenye mabanda ya makuti.

Chenga za mkaa kutoka kwa wauza mkaa zinafaa pia. Zichekeche, toa udongo, mawe, na vipande vya plastiki.

> Onyo: mkaa unaodhani umezimika unaweza kuwaka tena usiku, ukiwa ndani ya kiroba, ndani ya stoo. Chota kiganja kutoka katikati ya rundo. Kama kuna joto lolote, mwagia tena, na uuache nje siku mbili.

Hatua ya 2: Ponda ukiwa na unyevu

Mkaa wa pumba hauhitaji kupondwa. Wa mabua uweke ndani ya kiroba, uukanyage au uupigepige kwa mchi mpaka vipande vikubwa viwe sawa na punje ya mahindi. Uwe umelowa kidogo ili usipeperuke. Vaa barakoa: vumbi la pumba zilizoungua lina silika, na mapafu hayana chekecheke.

Hatua ya 3: Lisha mkaa

Koroga debe tano za samadi (toa kwenye zile 60) kwenye maji lita 200, ukizigawa kati ya mapipa mawili. Ukipata mkojo wa ng'ombe, changanya nusu kwa nusu na maji. Mimina juu ya mkaa ukigeuza mpaka kila punje ilowe, funika, acha saa 24 hadi 48. Usitumie yurea hapa. Mkaa mbichi una pH ya juu, naitrojeni inageuka hewa ya amonia na kukuwashia macho huku pesa ikipaa.

Hatua ya 4: Jenga biwi

Chini weka vijiti vinene ili hewa ipite. Kisha tabaka: makavu sm 20, mabichi sm 10, samadi sm 10, mkaa sm 5 hivi. Nyunyiza maji kwenye kila tabaka. Rudia mpaka biwi liwe la mita 2 kwa 1.5, kimo mita 1.3. Likiwa dogo kuliko mita moja kila upande halipati joto, na joto ndilo linaloua vijidudu vya magonjwa na mbegu za magugu.

Unyevu upime kwa mkono: kamua kiganja kimoja. Matone mawili matatu, sawa. Maji yakichuruzika, yamezidi. Ukifungua kiganja na bonge likabomoka, ongeza.

Wanaoishi jirani na mialo huongeza vumbi la dagaa. Ni zuri, lakini lifukie katikati ya biwi na lisizidi debe mbili, la sivyo utalima pamoja na mbwa wa kijiji kizima.

Hatua ya 5: Pima joto na geuza

Hapa ndipo mbolea nyingi zinapoharibika, kwa uvivu tu.

Chomeka nondo katikati ya biwi. Siku ya tatu au ya nne ichomoe na ishike sehemu iliyokuwa ndani. Ukiweza kuishikilia bila taabu, biwi halijapata joto. Ukiiachia mara moja, uko kwenye nyuzi 55 hadi 65 unazotaka.

Geuza siku ya 4, 8, 12, 16 na 20, kisha mara moja kwa wiki. Kugeuza si kukoroga. Chukua ganda la nje, sm 30 hivi, liweke kando. Jenga biwi upya ganda hilo likiwa katikati. Ugonjwa unasalimika kwenye ganda la nje ambako hakuna joto, na anayekoroga katikati tu anaurudisha shambani kwa toroli lake mwenyewe. Tumia beleshi safi. Lile ulilochimbia shamba lenye mnyauko lisafishe kwa jiki, sehemu 1 kwa sehemu 5 za maji, dakika 10, baada ya kuosha tope lote.

Kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8 joto litashuka lenyewe na halitapanda hata ukigeuza.

Hatua ya 6: Weka trikoderma, acha ipoe

Subiri nondo itoke na joto la mwili au chini yake. Ukiweka mapema umepika kuvu wako. Changanya kwa kipimo cha kwenye pakiti, funika pasipopigwa na jua, acha wiki mbili hadi tatu ukitunza unyevu. Kama hukupata trikoderma, hatua ya kupoa bado ni ya lazima.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kuipeleka shamba

Funga kiganja cha mbolea ndani ya mfuko wa plastiki siku mbili. Ukifungua ukanusa amonia au uozo, haijaiva. Kisha jaza kopo nusu mbolea nusu mchanga, panda mbegu 20 za mchicha. Siku ya 7 ziwe zimeota 15 au zaidi, na majani yasiwe yameungua kingo. Unapaswa kubaki na debe 90 hadi 110, nyeusi, zinazonukia udongo baada ya mvua.

Hatua ya 8: Kitalu

Sehemu 1 ya mbolea, sehemu 3 za udongo safi wa mahali pasipowahi kulimwa nyanya, pilipili, bilinganya au viazi mviringo. Chagua mbegu kwa herufi za kwenye pakiti: F ni ukinzani wa fusari, N ni minyoo fundo, na BW au Rs ni mnyauko wa bakteria. Usipofanya chochote kingine kwenye mwongozo huu, fanya hiki cha kitalu. Mche ulioambukizwa kitaluni unabeba ugonjwa mpaka shimoni, na mbolea ya shamba itafika imechelewa.

Hatua ya 9: Shamba

Pima pH kwanza. Udongo wa luseni, ule wa kichanga wa miinuko, mara nyingi una tindikali na utaipokea mbolea hii kwa furaha. Kwenye mbuga nyeusi pH huweza kuwa juu tayari, ikizidi 7.5 tumia nusu ya kipimo. Asiye na kipimo aulizie upimaji wa udongo kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Ukiriguru, Misungwi.

Chimba mashimo sm 20 kwa 20, kina sm 20. Weka robo tatu ya kopo la lita moja, yaani gramu 400 hivi, changanya na udongo wote uliotoka, rudisha, mwagilia, acha siku 7. Kisha pandikiza. Mbolea isikae kama kitanda chini ya mizizi. Mizizi inajikunja humo humo na kukosa maji.

> Onyo: usiongeze "kidogo kwa usalama". Kiasi kidogo cha mkaa hukinga. Ukizidi, kinga hupungua, na kwa baadhi ya magonjwa miche hufa zaidi kuliko pasipowekwa kitu. Kipimo cha hapa kinaweka mkaa chini ya asilimia 1 ya uzito wa udongo wa shimo. Kibaki hapo.

Sehemu za bondeni inua matuta sm 25, maana maji yaliyotuama yanafuta kazi yote. Weka matandazo. Mwagilia kila tuta kivyake. Mfereji mmoja unaopita safu zote unasambaza bakteria kuliko jembe.

Wiki ya tatu weka CAN, mbolea ya dukani yenye naitrojeni, vizibo viwili vya soda kwa mche, sm 10 kutoka shinani. Mbolea hii haitoshi kwa naitrojeni ya nyanya inayobeba matunda.

Acha safu mbili bila mbolea ya mkaa na hesabu miche iliyokufa kila Jumatatu. Bila safu hizo hutajua kama ni mbolea iliyosaidia au ni msimu.

Hatua ya 10: Msimu unaofuata

Mkaa hauozi kama samadi, unakaa miaka. Tengeneza mboji ileile lakini kwa debe 10 za mkaa, si 30. Mahali penye mnyauko wa bakteria panda mahindi, mtama au mpunga misimu kadhaa, angalau miaka miwili. Karanga haifai, nayo inaupata. Mwenye jaruba afurahi: shamba lililokaa na maji ya mpunga kwa miezi linapunguza fusari na minyoo fundo bila gharama ya ziada.

Mambo yakienda kombo

*Biwi halipati joto.* Ni kavu, au ni dogo, au samadi ilikuwa ya zamani iliyokwisha nguvu. Kamua upime unyevu, ongeza debe tano za samadi mbichi, geuza.

*Linanuka mayai yaliyooza.* Maji yamezidi, hewa hakuna. Geuza leo, ongeza makavu, funika mvua isiingie.

*Linanuka amonia kali.* Samadi ya kuku imezidi. Ongeza makavu na debe mbili tatu za mkaa uliolowa.

*Mkaa umetoka kijivu.* Umechelewa kuzima, umepata majivu. Usiuingize kwenye hesabu ya debe 30. Kidogo unaweza kuweka bustani ya mchicha kwenye udongo wa tindikali.

*Miche yote imekuwa njano wiki ya pili.* Majani ya chini yakiwa njano, naitrojeni imeshikwa: mkaa haukulishwa vizuri au mboji haikuiva. Weka kizibo kimoja cha CAN mapema. Majani machanga yakiwa njano huku mishipa ikibaki kijani, pH imepanda na mche umekosa chuma. Hapo acha kuongeza mbolea ya mkaa, na nyunyizia majani mbolea ya maji yenye chuma na zinki.

*Dawa ya magugu au ya minyoo imekataa kufanya kazi.* Mkaa unanyonya dawa za kuwekwa udongoni. Kuongeza dozi ni kutupa hela. Palilia kwa jembe.

*Bado miche inanyauka.* Rudi kwenye glasi. Ikitoa uzi mweupe, toa mche pamoja na udongo wa shimo lake, uutie kirobani kabla ya kuubeba, usiukokote kupita safu nyingine. Usipande kitu cha jamii ya nyanya kwenye shimo hilo msimu huu, na panga la kupogolea lichovye kwenye jiki kila unapohama mche. Mnyauko ukiwa umejipanga kwa mstari mmoja kufuata mteremko, tatizo ni maji yako ya kumwagilia. Panda juu ya mteremko utafute mche wa kwanza uliokufa, hapo ndipo maji yenye bakteria yanapoingilia.